Usikisugue Kabla Wenzako Hawajakiona

Mwezi huu barua nyingi zimeniuliza jambo moja kwa vinywa tofauti: nimepata kisu kipya cha kukunja, nataka wakusanyaji wenzangu wakione, nianzie wapi? Nimechukua sita. Zile tatu zilizotaka kujua "kinauzwaje" nimeziweka kando. Wenyewe wanajua kwamba bei hazijibiwi katika safu hii, na wanaendelea kuniandikia.

SWALI: Shikamoo mzee. Nilianza kukusanya visu vya kukunja mwaka jana na nilikuwa navyo saba. Juzi nimepata cha nane, Case ya Marekani, mabapa mawili, mpini wa mfupa. Kilikuwa cheusi na kimechoka. Nikakisugua siku nzima kwa msasa laini na dawa ya kung'arishia shaba mpaka nikawa najiona uso ndani yake. Nilipokipeleka kwenye kikao chetu, kila mtu alikishika, akakigeuza, akasema "hongera", akanirudishia. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Kilichofuata mezani kilikuwa kichakavu, bado kina vumbi la sanduku la zana, nacho kikazungushwa nusu saa nzima. Nimekosea wapi? – Mng'arishaji

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera ya namna hiyo naifahamu. Ni pole iliyovaa nguo za sikukuu.

Wenzako hawakukuonea wivu wala hawakukidharau kisu. Hawakuwa na la kuuliza kwa sababu maswali yote uliyafuta kwa msasa. Mkusanyaji akipewa kisu, jicho lake haliendi kwenye bapa linalong'aa. Linaanzia kwenye msuka, pale bapa linapoingia mpinini, maana ndipo mtengenezaji alipopiga chapa. Kwenye Case chapa hiyo ni kalenda. Mwaka 1970 walianza kupiga nukta kumi chini ya maandishi, na kila mwaka uliofuata wakapunguza moja: tisa ni 1971, nane ni 1972, hadi 1979 ikabaki moja peke yake. Tafuta pia namba ya kisu kwenye msuka. Ukikuta 6254, ile 6 inasema mpini ni wa mfupa au wa kitu kinachofanana na mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ni namba ya umbo. Kisu kinajitambulisha chenyewe kabla mwenye nacho hajafungua kinywa.

Sasa nikupe aibu yangu. Cha kwanza cha aina hiyo kilinifikia na msuka mweusi tititi. Nikahesabu nukta harakaharaka, nne, sikuandika popote, nikachukua msasa. Kufika jioni zilikuwa mbili na kivuli cha tatu. Mwenzangu mmoja, amenizidi umri na uvumilivu, akaweka kioo cha kukuzia jichoni akaniuliza kwa upole, "Hiki ni cha 1978?" Nikamwambia hapana, ni cha 1976. Akaniangalia mimi, akaangalia msuka, akasema, "Mimi naona mbili." Ningebisha nini? Nukta zilikuwa mbili. Mpaka leo nikikitoa kisu hicho nalazimika kusema "niaminini", na kwenye meza ya wakusanyaji neno hilo halina uzito wowote.

Na ule weusi ulioutoa haukuwa uchafu wote. Chuma cha kaboni kikitumika miaka mingi, kikagusana na jasho na maji na kila kilichokatwa nacho, hujivika ngozi ya kijivu, wakati mwingine yenye ubuluu kama mgongo wa samaki. Ngozi hiyo imekaa. Ukipitisha kitambaa haiachi kitu, na inasaidia kuichelewesha kutu. Adui ni kutu nyekundu, inayoacha unga kidoleni na kuchimba mashimo chini kwa chini. Hiyo iondoe. Weka tone la mafuta ya cherehani, acha usiku kucha, kisha kwangua taratibu kwa ukingo wa kipande cha shaba nyekundu. Shaba ni laini kuliko chuma cha bapa, kwa hiyo itakula kutu bila kulichuna bapa. Kwenye maungio tumia kijiti cha meno. Utashangaa nyuzi zitakazotoka humo, nyuzi za mifuko ya watu waliokwisha kuaga dunia.

Kikao kijacho peleka kisu kama kilivyokufikia, umekipangusa tu. Kiweke kikiwa kimefungwa kwanza, waone umbo lake, maana umbo likifunguliwa huwa limeshavunjika. Kisha fungua bapa moja, polepole, karibu na masikio yao. Visu vingine vya springi ya mgongoni vimetengenezwa visimame kidogo katikati ya safari, bapa likiwa wima. Vingine vinapita moja kwa moja. Vyote vikiwa vizima, ukifunga vinalia ta! Kikifunga kwa kunong'ona, ama springi imechoka ama uchafu umejaa mfereji, na watu wataanza kubishana ni kipi kati ya hivyo viwili. Hapo umeshawapata. Msuka uonyeshe kwa mwanga wa ubavuni, sio wa juu. Taa ikilala, herufi zilizofifia zinaota vivuli na kusomeka.

Halafu taja kasoro mwenyewe. Bapa limenolewa mpaka limekonda, mpini una ufa karibu na pini, ncha ilivunjika ikachongwa upya. Ukiwaachia wazigundue wao, utamaliza jioni ukijieleza.

Hicho ulichokwisha kukisugua usikifiche. Kitumie, ngozi itarudi baada ya miaka. Nukta, kama zilikuwepo, hazirudi.

SWALI: Mzee, nimepata kisu cha zamani chenye mpini wa mawingumawingu ya kahawia, mfano wa gamba la ng'amba, ingawa naona si gamba. Kizuri sana. Nilikiweka kwenye droo pamoja na vingine kumi na viwili. Miezi mitatu baadaye majirani zake wanne wameota kutu, na chenyewe bapa lake lina kutu, lakini upande wa ndani tu. Rafiki yangu anasema droo ina unyevu. Nina droo hiyo miaka tisa na haijawahi kunifanyia hivi. – Mwenye Droo Moja

JIBU: Dada yangu, droo yako haina kosa. Mgeni ndiye mgonjwa, na anaambukiza.

Mpini huo karibu bila shaka ni seluloidi, plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri. Watengenezaji wa visu waliipenda tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, kwa sababu iliweza kuigiza chochote: gamba, lulu, pembe, hata mistari ya pipi. Ubaya wake ni kwamba ikizeeka inaweza kuanza kuoza yenyewe. Inatoa gesi za oksidi za nitrojeni, na gesi hizo zikikutana na unyevunyevu wa kawaida wa hewani zinageuka asidi ya nitriki. Ndani ya droo iliyofungwa hewa hiyo haina pa kwenda, inatua juu ya kila chuma kilichomo. Ndiyo maana kutu ya kisu chenyewe imeanzia sehemu ya bapa inayolala ndani ya mpini. Imelala kitanda kimoja na ugonjwa.

Kichunguze hivi. Angalia kama mpini umesinyaa na kuacha mwanya karibu na pini, kama una nyufa nyembamba zinazopishana kama udongo wa bwawa lililokauka, kama shaba ya ndani imeota ukijani. Kisha usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, unuse. Ukisikia kafuri kwa mbali, seluloidi yako bado ina uhai. Ukisikia ukali unaochoma pua, imeshaanza safari. Usijaribu kuichoma kwa sindano ya moto kama wanavyofundishana baadhi ya wakusanyaji. Seluloidi inashika moto kwa kasi ya kutisha, na hutabaki na kisu wala nyusi.

Kitoe droo leo. Kikae mahali pakavu, pa baridi, penye hewa inayopita, mbali na jua. Usikitie kwenye mfuko wa plastiki wala kopo lenye kifuniko, utakuwa umekifungia na sumu yake mwenyewe. Wale majirani wanne wafute kutu, wapake mafuta, na hao wanane wengine uwapake pia hata kama hujaona kitu. Droo iache wazi siku kadhaa.

Dawa ya kuirudisha seluloidi hakuna, kuna kuchelewesha tu. Wapo wanaovua mpini wakabaki na mabapa. Mimi nimeshindwa. Ninacho kimoja cha njano na nyeusi kinachoishi peke yake juu ya kabati, na huwa nakitembelea.

Tangu kilipoingia, kila kisu kinachokuja kwangu kinalala peke yake mwezi mzima juu ya karatasi nyeupe kabla ya kukutanishwa na wenyeji. Karatasi inaniambia kama kinavuja mafuta au kinadondosha unga wa kutu. Nawe ukikipeleka hicho kikaoni, kwa sababu kinastahili kuonekana, sema ni seluloidi kabla hakijalazwa kwenye kitambaa kimoja na vya wenzako. Kuna watu wameacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Na kwa kuwa tumefika huko: kisu kisihifadhiwe muda mrefu ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inashika unyevu na ina chumvi na asidi zake. Ala kaa nayo pembeni.

SWALI: Nilimpa mwenzangu akishike kisu changu kipya, chuma cha kaboni, bapa safi kama maji. Wiki iliyofuata nikakuta alama ya kidole chake gumba juu ya bapa, mistari yote imechoreka kwa kutu. Nimwambie? – Mkarimu

JIBU: Mwambie, lakini ucheke ukimwambia, maana kosa mmegawana. Jasho lina chumvi, na jasho la watu wengine ni kali kuliko la wenzao. Nina rafiki tunayemvisha glavu za pamba na amezoea. Anayepewa kisu asishike bapa, afungue kwa ukucha kwenye kijishimo chake, asijaribu makali kwa kidole, na asikifunge kwa kishindo kama mlango wa gari. Huo ndio upande wake. Upande wako ni kukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta jioni ileile kikao kinapokwisha, kabla hujala wala kuoga. Wewe ulikirudisha mfukoni ukalala.

Alama yenyewe ikiwa bado haijachimba, mafuta na kitambaa vitaitoa. Ikiwa imechimba, una kisu chenye sahihi ya rafiki yako.

SWALI: Nina Opinel za Ufaransa namba 2 hadi 10, na namba 12. Nilizipanga mstari kuwaonyesha wenzangu, wakacheka kwamba safu yangu ina mapengo kama mtoto aliyeng'oka meno. Namba 1 na 11 zinapatikanaje? Pia namba 8 yangu ilinyeshewa na sasa haifunguki. – Mapengo Mawili

JIBU: Waliokucheka wana mapengo yaleyale, kama si makubwa zaidi. Joseph Opinel alianza visu hivi kwao Savoie mwaka 1890, na mwaka 1897 akavipanga kwa namba, 1 hadi 12, kwa ukubwa. Namba 1 na 11 ziliachwa kutengenezwa miaka ya 1930. Ya kwanza ilikuwa ndogo mno, na 11 ilibanwa katikati ya 10 na 12 bila kuwa na kazi yake. Kwa hiyo safu yako ndiyo safu ambayo watu wengi wa leo wanaweza kuikamilisha. Ukitaka kuwanyamazisha, acha nafasi mbili tupu kwenye kitambaa, moja mwanzoni na moja baada ya namba 10. Watauliza za nini. Waeleze.

Nikuongezee silaha nyingine. Ile pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955. Namba 8 isiyo na pete, kama haikuvunjwa ikatolewa, ina nafasi nzuri ya kuwa ya kabla ya hapo. Lakini angalia usije ukajitia aibu kwa namba 4: namba 2 hadi 5 hazina pete hata leo, na nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba cha kwake ni cha babu kwa sababu hiyo tu. Chapa ya mkono wenye taji juu ya bapa nayo ni ya tangu 1909.

Kuhusu iliyokwama, mti umekunywa maji ukavimba na kulibana bapa. Usivute kwa koleo. Zungusha pete mpaka uwazi wake ulingane na mfereji, shika mpini, gonga kisigino chake kwenye ubao mgumu. Bapa litachomoza kiasi cha kulishika. Ndivyo wanavyofanya wenyewe huko Savoie, na ukikifanya mbele ya watu kitendo hicho kinaonekana kama mazingaombwe. Baadaye kiache kikauke kivulini, kikiwa wazi, siku mbili tatu. Kikishakauka, tia mafuta ya kitani kidogo ndani ya mfereji. Kisu hicho hakijaharibika. Namba 8 yangu imevimba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

SWALI: Nilitangaza kikaoni kwamba nimepata Laguiole halisi kwa sababu ina nyuki kwenye springi. Mmoja akaguna. Kwani nyuki si uthibitisho? – Nyuki

JIBU: Si uthibitisho. Laguiole ni kijiji cha Ufaransa na ni aina ya kisu iliyozaliwa huko karne ya 19. Si jina la kiwanda kimoja. Jina hilo liliachwa wazi kwa muda mrefu, likatumiwa na wengi, wakiwemo mafundi wazuri kabisa wa Thiers, mji wa visu wa Ufaransa, na wakiwemo watu wa nchi za mbali ambao hawajaona ng'ombe wa Laguiole hata kwa picha. Nyuki anaweza kuchongwa popote.

Tazama amewekwaje. Chukua kioo cha kukuzia uangalie shingo yake inapokutana na springi. Kwenye kazi ya hali ya juu nyuki na springi huwa ni chuma kimoja kilichofuliwa pamoja, hakuna mstari. Ukiona mshono, amechomelewa. Kuchomelewa si dhambi na wala hakufanyi kisu kuwa kibaya, ila kunakupunguzia sauti. Kisha soma msuka na bapa: kuna jina la karakana au kuna neno "Laguiole" tupu? Ukikuta neno tupu, sema kikaoni "kisu cha mtindo wa Laguiole". Aliyeguna hatakuwa na la kuguna.

SWALI: Shikamoo. Nimeachiwa kisu cha jeshi la Uswisi, mpini wa alumini ya fedha yenye vijichanja, ngao ndogo nyekundu yenye msalaba. Kwenye msuka wa bapa kubwa kuna "WENGER" na "78". Wenzangu wanasema cha kweli ni Victorinox tu. Nikionyeshe au nikae nacho? – Mrithi

JIBU: Marahaba. Kionyeshe kesho. Jeshi la Uswisi lilinunua kwa wote wawili miaka mingi, Victorinox ya Ibach na Wenger ya Delémont, mpaka Victorinox ikainunua Wenger mwaka 2005. Chako ni modeli iliyoanza 1961, na 78 ni mwaka kilipotengenezwa, 1978. Kinatakiwa kiwe na vitu vinne: bapa, kifungua kopo, kifungua chupa chenye ncha ya bisibisi, na msharasi wa kutobolea. Ukikikagua nyumbani, fungua msharasi mwisho, kwa sababu ndio unaokuwa mgumu kuliko vyote na ndio mwenye kisu aliyetangulia alikuwa hautumii. Ukiukuta bado mkali, kikaoni waonyeshe huo kwanza, jina baadaye.